Nyimbo Saba, Picha Hakuna

Kidawa amekuja na kanda ndani ya soksi,
soksi ya mtoto, nyeupe, imepigwa fundo.
"Humu yumo mama," akasema,
akaiweka juu ya kibodi kama mtu anayelipa deni.

Nyimbo saba. Kodiani, fidla mbili, dumbaki,
na Bi Mwamtoro, aliyeimba miaka ile
umeme ukikatika watu hawaondoki.
Picha hakuna. Ipo moja, ya harusi ya jirani,
naye kageuka: unaona kisogo na kipini cha nywele.
Sasa albamu inataka video,
maana wimbo usio na cha kutazama, anasema Kidawa,
siku hizi watu wanaupita kama kaburi la mgeni.

Basi nimekaa hapa Barabara ya Kumi na Nne,
panga boi linanung'unika,
ukuta wa pili fundi baiskeli anagonga rimu,
natafuta programu ya kuipa sauti mwili.

Ya kwanza ilikuwa na nguzo. Nguzo za rangi,
kijani, njano, nyekundu, zinapanda zinashuka
kama redio ya gari la kutangaza sabuni.
Dumbaki ilizipenda.
Sauti ya Bi Mwamtoro ikapita katikati yake
bila kumgusa mtu bega.

Ya pili, duara lenye miale.
Semboja, kijana wangu, akacheka:
"Bosi, hizi si spoki?"
Nikatazama, na kweli, rimu iliyopigwa teke,
inazunguka haiendi popote,
na katikati chapa ya wenyewe, kubwa, haifutiki
mpaka ulipe dola. Dola, kila mwezi,
mimi ninayelipwa kwa ahadi na machungwa ya Muheza.

Ya tatu ina moshi, ina nyota, ina sayari zinazopasuka.
Kompyuta ikafoka kama sufuria ya ubwabwa iliyosahauliwa,
ikazima.
Nikaipepea kwa kifuniko cha ndoo.
Kidawa akapiga simu: "Hakuna yenye mawaridi?"
Ipo. Yanafumbuka kila fidla ikilia.
Nikamtumia. Akanyamaza muda.
"Maua yalikuwa yanampigisha chafya," akasema.
"Hata asumini aliivaa kwa ajili ya watu."

Ya nne sikuitegemea.
Nyepesi, ya bure, haijui kujisifu,
imeundwa na mtu asiyejua kama Tanga ipo.
Skrini nyeusi, mstari mmoja mweupe. Basi.
"Imeharibika," akasema Semboja.
Nikaingiza wimbo wa tano,
ule ambao kabla ya fidla kuna kimya kidogo,
kimya ambacho siku zote nilikikata
kama fundi cherehani anavyokata uzi uliobaki.
Safari hii nilisahau.
Mstari ukalala. Ukalala.
Halafu ukatetemeka, kidogo tu, upande wa kushoto,
kama maji ya mtungi yakitua mdudu.
Nikarudisha. Nikavaa hedifoni.
Alikuwa anavuta pumzi.
Nyuma yake kiti kikaburuzwa, mtu akasema, "Haya, mama,"
na pumzi ikawa neno.

Sijui kama hii ni video.
Watazamaji nao waja leo waondoka leo,
wataona giza na uzi, kidole kitateleza.
Semboja ana hoja yake: tuweke rangi, bosi,
angalau jina limeremete.
Jina nimeweka. Halimeremeti.
Rangi bado tunabishana.

Saa nane usiku. Asilimia arobaini na moja.
Luku imebaki yuniti tatu,
fundi baiskeli keshafunga zamani,
uzi unapanda, unashuka, peke yake.
Kanda nimeirudisha ndani ya soksi yake.
Fundo nimefunga mwenyewe,
si zuri kama lile alilofunga Kidawa.