Tafsiri ya Jumatano

Jumatano hakuna ligi.
Mafinga yote imejikunyata,
moshi wa viwanda vya mbao umelala chini kama mbwa mgonjwa,
na mimi nina kipaza sauti kilichozungushiwa gundi ya karatasi
na watu kumi na saba waliolipa mia tatu tatu
wanasubiri ngumi.

Mama Luvanda kachomeka flashi. Ngumi hazimo.
Limetokea jambo la Marekani,
makala ya saa moja na ushei, ya timu iliyotwaa ubingwa
mwaka ambao nusu yetu tulikuwa hatujazaliwa.
Mpira wenyewe una umbo la papai changa.
Wanaukumbatia mikononi, halafu wanauita wa miguu.

"Rudisha hela!" Zabron huyo.
Nikasema subirini. Nikapuliza kipaza sauti, fuu, fuu.
Kingereza changu kiliishia kidato cha pili;
panapobaki pengo, najaza.

Nikawaambia: unapewa mara nne kusogea yadi kumi.
Yadi kumi ni futi thelathini,
ni mbao tatu za futi kumi, zipange kichwa kwa mkia.
Ukishindwa, unamwachia mwenzio mzigo.

Banda likatulia.
Hao wote ni wapakiaji, mikono ina utomvu usiotoka kwa sabuni.
Chaula akayaona mabega yale manene, ya kuvalia,
akapapasa lake, hapo anapowekaga kipande cha godoro
chini ya ubao mbichi.
"Kumbe na wao wanatandika!"

Tangu hapo wakawa na timu.
Theluji ilikuwa inaanguka kule, na huku
kila aliyeshangilia alitoa mvuke mdomoni.
Wakamchagua namba sitini na nne, jitu, shingo hana,
anainama, anasukuma, anaanguka, anainuka, anainama.
"Mbona yeye mpira haugusi?"
Haugusi. Kazi yake kusukuma, mwingine apite.
"Na medali anapewa?"
Nikasema anapewa. Sikujua.
Lakini Nyenza alipiga paja kwa furaha
kama aliyelipwa deni.

Hizi makala zina tabia yake:
muziki unapanda, kombe linapanda, karatasi za rangi zinamwagika,
halafu ghafla kimya,
na pazia jeusi, na kiti, na mtu mzima kakaa.

Wakamleta sitini na nne.
Pete ya ubingwa imebana kwenye kidole kilichopinda.
Akaulizwa habari za fainali.
Akaiangalia pete. Akaangalia pembeni,
kwa mtu ambaye hatukuoneshwa.
Kisha akasema, na mara hii nilielewa yote,
yalikuwa maneno ya darasa la tano:
Sikumbuki.
Mke wangu ndiye hunisimulia.
Hii filamu naiangalia kama ninyi.

Kipaza sauti kilikuwa kinanguruma mkononi mwangu.
Benchi la mbele, Nyenza, mdomo wazi.
Nyenza ambaye gogo lilimpitia kichwani msimu wa mvua,
ambaye Jumatatu alipanda lori la watu wengine
akashushwa Makambako, na sisi tukacheka hadi jioni.

Nikasema:
"Anasema ilikuwa siku nzuri.
Anasema alisukuma, mwenzake akapita."

Wakapiga makofi. Hata Zabron.

Nikawa nakunja waya, taa ishazimwa nusu,
Nyenza akanijia na koti lake la mtumba, vifungo vimepishana.
"Yule bwana alinyamaza sana," akasema.
"Ile ya kunyamaza hukuitafsiri."
Nikasema Kingereza chao kigumu.
"Eeh," akasema. "Kigumu."

Akatoka.
Akasimama barabarani, akaangalia huku, akaangalia kule,
akakunja kushoto.

Kwake ni kulia.

Niliuacha waya chini, nikamfuata.