Yai la Mbao

Wiki ya ishirini na nne, na mvua ya Chiloé haijakata.
Mitetea watatu wanakula kama mabaharia,
undu umewaiva, mwekundu kama pilipili,
na kiotani mna yai moja tu:
la mbao,
alilochonga Nolberto kabla hajaenda kusini
kwenye vizimba vya samoni.
“Wataiga,” alisema.

Hawajaiga.

Kila alfajiri Eduvina hupenyeza mkono majanini,
hushika mbao, baridi,
huirudisha.
Rosamel hucheka upande wa pili wa ua:
“Jirani, umefuga kasuku!”
Hajibiwi. Mtetea ni mtetea;
siku yake ikifika, atatetea.

Jumanne, kelele.
Anatoka mbio, viazi vya kukuna vimemganda vidoleni.
Kiotani: mbao.
Chini ya ngazi: matope.
Kumbe ni barazani,
mle ndani ya buti la Nolberto, la kushoto,
na yule wa kijivu kasimama kando, kifua mbele,
kama karani aliyepandishwa cheo.

Dogo. Buluu ya shati lililofuliwa mno.
Lina joto bado, na chembe ya damu.

Anampigia Nolberto. Simu haishiki.
Analirudisha butini,
anaketi ngazini, anasubiri.
Amekwisha zoea.