Kwa Thuwaiba, Anayeanza Jumapili

Fika saa mbili kasorobo. Pita mlango wa nyuma,
ule wa ubavuni mwa duka la miwani;
wa mbele una mlinzi anayetaka kadi
na kadi yako haitatoka kabla ya mwezi wa tatu.
Yangu ilitoka na jina la mtu mwingine.
Wiki sita nilitembea Al-Khuwair nikiitwa Nawal,
na nikaitika.

Watakupa mkasi. Siku hizi uko ndani ya kompyuta,
lakini ni mkasi uleule:
kata kila habari inayomtaja mteja, ipime kwa sentimita,
iandikie thamani kwa riali,
hesabu asiyeiamini mtu
na kila mtu anaitia sahihi.
Usicheke. Humo ndimo nilimojifunza kusoma:
nani hukaa aya ya kwanza,
nani huzikwa ya mwisho na tarehe ya mkutano.

Jifunze majina, na baba wa majina, na kabila,
na nani husimama kulia kwa nani.
Niliwahi kumkata kiwiko mkurugenzi mmoja pichani,
kiwiko tu, na ncha ya jambia.
Zabuni ilikwenda na kiwiko.

Kiarabu utakiandika asubuhi, Kiingereza baada ya adhuhuri.
Kiswahili utakikuta jikoni
kwangu mimi na Bi Zuwena wa hesabu,
tukiziteta ankara zenye siku tisini.
Sentensi ikinishinda huileta huko.
Naigeuza, naisema kwa sauti,
nasikiliza kama mama yangu angeguna.
Akiguna, naifuta.

Sasa ule usiku.
Mteja wetu wa maji ya chupa. Watoto wanne wa Rustaq,
darasa moja, wamelazwa.
Bwana Mundhir kasimama nyuma ya kiti changu, kilemba mkononi:
Andika, usalama wa wateja ndio nguzo yetu.
Andika, hakuna uhusiano wowote.
Nikamuuliza, vipimo vimerudi?
Bado.
Basi tuandike bado.

Alinitazama kama niliyemwaga kahawa
juu ya zulia la mgeni.
Ulimi hauna mfupa, Thuwaiba,
lakini taarifa ina tarehe, na ina nambari ya simu chini yake,
na nambari ilikuwa yangu.
Niliandika: *Hatujui bado. Tumesimamisha mauzo.*
Mteja akaisoma, akaituma,
na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshahamia
kwa wale wa ghorofa ya juu yetu,
wao waliokuwa wakijua.

Cheo nilichokingoja alipewa Nawal.
Nawal mwenyewe, yule wa kadi.

Vipimo vilirudi Alhamisi.
Sikwambii vilisemaje. Ukijua vilivyosema
utadhani usiku ule na mimi nilikuwa najua.

Ila Jumapili iliyofuata simu ililia.
Yaarub wa gazeti la jioni, mtu aliyenikatia simu mwaka mzima,
hakunisalimia:
Wewe ndiye wa "bado"?
Ndiye mimi.
Akauliza jingine, la mteja mwingine,
nikamjibu nilichokijua, nikanyamaza pale kilipoishia.
Miaka kumi na moja sasa, nikipiga anapokea.
Ukinitaka nikuonyeshe nilichokijenga hapa
nitakuonyesha hicho, mlio wa simu
na mtu upande wa pili.
Si kingi. Hakining'inizwi ukutani.

Mama bado huwaambia majirani wa Mawaleh nauza magazeti.
Nimeacha kumsahihisha.

Ah, na kikombe: uje nacho.
Vya ofisini vyote vina nembo
za wateja walioondoka. Mimi hunywea cha maji ya chupa,
kina ufa kidogo, hakivuji.