Daraja la Villazón

Asubuhi peso zangu zilijaza soksi mbili.
Nilizihesabu basini, kidole kikilowa mate,
hadi abiria wa pembeni akageuza uso dirishani.

Kati ya La Quiaca na Villazón pana daraja.
Unalivuka kwa miguu, dakika nne,
na ukifika katikati
pesa yako huanza kusahau jina lake.

Bi Saturnina kaketi juu ya kreti ya bia,
kikokotoo kinaning'inia shingoni kwa uzi.
Ananyanyua noti moja juani,
ananirudishia: imekatika sikio.
"Hiyo kanunulie mkate ulikotoka."

Nikamwuliza bei. Akaitaja.
Nikainama kufunga kamba ya kiatu,
nikauliza tena.
Ilikwisha kushuka.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akanihesabia boliviano, chache, kiganja kimoja kikazimeza,
kisha akalitazama lile furushi langu
kama aliyeachiwa mtoto wa jirani, mgonjwa,
na zahanati imeshafungwa.

Soksi nikazivaa.
Upande ule kulikuwa na baridi.