Msamba

Kumi na wawili walipasua ganda,
kumi na mmoja wakasimama.
Wa mwisho alitoka magharibi, bado mbichi wa ute,
akajaribu kuinuka, miguu ikamkimbia,
mmoja upande wa Kaliua, mwingine upande wa Tabora mjini,
naye amebaki hapa Usoke, kifua chini,
amepiga msamba kama mwanasarakasi asiyelipwa.

"Mama, huyu amechanika," akasema Kashindye.
Mihambo hakuinua kichwa; alikuwa akikokotoa
deni la mbolea kwenye jalada la daftari.
"Kifaranga hana bei. Mpe paka."

Sina paka.
Nina plasta, kipande kilichobaki
siku Kashindye alipojikata na panga,
na vidole vilivyozoea kupanga majani ya tumbaku
daraja kwa daraja, bila kulichana hata moja.

Nikamlaza kiganjani. Joto lake lilikuwa dogo
lakini lilikuwa na haraka.
Nikaikata plasta nyembamba kama utambi wa koroboi,
nikazungusha kifundo hiki, nikazungusha kile,
katikati nikaacha upana wa kidole changu cha mwisho,
ili asimame kama mtu anayengoja zamu kisimani.

Akaanguka kifudifudi.
Akaanguka chali.
Akanilaumu kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Usiku akalala ndani ya kikombe cha bati, kando ya jiko,
miguu imekunjwa chini yake, kichwa tu juu ya ukingo.
Nikamdondoshea maji ya asali kwa ncha ya unyoya,
asali ya chini kabisa ya chupa,
ile tuliyowawekea wageni.

Asubuhi nilipomteremsha, nikaona.

Sakafu hii ni ya mwaka jana.
Tumbaku ilipata daraja zuri, nikamwambia fundi:
piga niru mpaka nijione meno.
Akapiga. Nikajiona meno.
Majirani walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Na humu ndimo nilimwatamishia kuku, karaini,
kwa kuwa nje kuna kicheche.
Kifaranga alitoka kwenye yai akatua kwenye kioo changu.
Hakuzaliwa kilema.
Aliteleza.

Nikatandika magunia ya katani, moja baada ya jingine,
kutoka karai mpaka mlangoni.
Siku ya pili alisimama muda wa mtu kukohoa.
Siku ya tatu alimfuata sisimizi hatua mbili, akamkosa.
Siku ya nne nikailowesha plasta kwa maji ya uvuguvugu,
ikabanduka na manyoya kidogo.
Akanidonoa. Haki yake.

Akaanza kuvuka gunia, anayumba, anajirekebisha,
na nyuma yake akapita mama mkwe, Bibi Kalunde,
kutoka chumbani mwake kwenda kwenye jua la uani,
katikati ya sebule, moja kwa moja,
mikono yake miwili ikining'inia huru.

Nikabaki na plasta kidoleni.

Tangu mwaka jana huyu mama hupita kando ya ukuta,
kiganja kwenye chokaa; amechora mstari wa mafuta
kutoka mlango wake mpaka mlango wa nje.
Nilidhani ni macho.
Mstari ule nimeufuta kila Jumamosi, nikinung'unika.
Hakuwahi kusema neno. Na angelisemaje,
katika nyumba ambamo kila mgeni huanza kwa kuisifu sakafu?

"Magunia haya," akauliza bila kugeuka,
"yatakaa siku ngapi?"

Kashindye akaniwahi:
"Mpaka kifaranga apone, bibi."

Akasimama kidogo pale kizingitini,
akamtazama yule wa kumi na mbili
akihangaika na uzi wa katani kama ameona mnyoo.

"Basi," akasema, "asiharakishe."