Miezi Minne na Siku Kumi

Siku ya kwanza ya eda wifi yangu Mishi alikusanya
wanja, udi, chupa ya mafuta ya asumini,
akavifunga kwenye leso, akaipachika juu ya kabati.
Kanta hakuiona. Ilikuwa bafuni, nyuma ya ndoo,
ndani ya mkebe wa maziwa ya unga
pamoja na mswaki mkuukuu, mweusi kama sizi.
Niliutoa mwenyewe ule mkebe, nikamkabidhi.
Akautazama. Akanitazama kichwa.
"Kumbe!" akasema,
na kumbe hilo likakaa nami wiki nzima.

Miaka ishirini na minne, Alhamisi moja ndiyo, moja siyo,
baada ya isha, komeo mlangoni,
gazeti sakafuni, taulo shingoni,
ile harufu ya kutoza machozi,
kisha ndimu ya kusugulia masikio
maana masikio ndiyo yasemayo.
Nilianza kwa unywele mmoja tu
niliouona kwenye kioo cha duka la leso, Mtaa wa Biashara.
Nikaung'oa, nikautia mkobani
kama mtu aliyeokota hati ya deni lake.

Kuze, ghorofa ya pili. Eda haina haraka.
Chini wanakaanga viazi karai, wanagombana, wanapatana.
Mwezi wa kwanza, mstari kwenye njia ya nywele,
chaki ya mtoto.
Wa pili, kidole.
Wa tatu Raya akapiga simu ya video toka Maskati:
"Mama, nani huyo bibi nyuma yako?"
Nikageuka.
Kioo cha kabati,
na kichogo changu.

Kisha akaja Twaha na mfuko wa unga,
Twaha aliyemwosha mjombake.
Akakaa, macho kwenye mkeka.
"Mkaza mjomba, mwosha hasemi alichokiona.
Lakini hili si aibu, wallahi.
Ndevu zake, mashinani,
zilikuwa nyeupe. Kama punje za mchele."

Akenda zake. Unga ukabaki mlangoni.

Badi.
Zile Alhamisi zisizokuwa zangu
uliposema wenda barazani Makadara,
ukarudi nimeshalala,
na Ijumaa asubuhi ukanuka ndimu,
nami nikidhani ni mchuzi.
Na kanta ikisha kabla ya hesabu yangu,
nikimlaani muuzaji wa Marikiti kwamba hupunja!
Mswaki mmoja, Badi.
Mkebe mmoja, komeo moja,
ukiurudisha nyuma ya ndoo
vile vile nilivyouacha, mpini ukutani.
Ulijua, basi. Ulijua mwenzio ni nani.
Mimi ndiye niliyelala na kijana miaka yote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Nasi hata hatukuwa wagonjwa.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa ukumbini
na leso mpya bado zina wanga.
Mishi akashusha furushi: wanja, udi, asumini,
na juu yake, kwa heshima, mkebe.
"Ndoo tukupake. Utakaa hivyo,
kama ukili usosukwa? Vidole vitatu vyeupe, mkia mweusi!"
Kweli, nilikuwa kama kitabu kilicholowa nusu.
Nikamwita Kibibi, msusi, nikamwambia kata.
Kata wapi?
Kata palipo peusi.

Zikaanguka kwenye gazeti, nyepesi,
shingo ikapata upepo isioujua.
"Utaonekana mzee," Mishi akanong'ona.
"Nitaonekana," nikamjibu.

Jumamosi nikashuka Marikiti, mtandio mabegani.
Muuzaji akapeleka mkono kwenye rafu bila kuuliza,
kama alivyozoea,
akaniona,
mkono ukarudi.
"Nisamehe," nikamwambia. "Hukuwa ukinipunja."
Hakuelewa. Akacheka tu, akauliza nataka nini.

Ndimu, nikasema. Moja.
Ya mchuzi.