Saa Thelathini na Nne

Baba mdogo Ndahani kaniuliza mara ya tatu:
"Kutoka Edmonton mpaka hapa ni umbali gani, hasa?"
Kilomita elfu kumi na nne na ushei, nikamwambia,
kwa mstari ulionyooka, kama uzi wa fundi mwashi.
"Na ndege inakata ngapi kwa saa?"
Mia tisa.
Akachora vumbini kwa njiti ya kiberiti,
akagawanya, akapuliza.
"Basi saa kumi na sita, kasoro. Mbona wewe unasema thelathini na nne?"

Nimweleze vipi kwamba uzi ule
hakuna ndege inayoufuata;
kwamba Sechelela sasa hivi hayuko angani,
yuko Frankfurt kwenye kiti cha chuma,
anasubiri geti litajwe,
na atakaa tena Adis, atakaa tena Dar,
kwamba karibu nusu ya kuruka
ni kukaa.

"Kama sisi," akasema, akatazama turubai.

Baba alikuwa kwenye jokofu la hospitali, mjini,
kwa risiti, siku kwa siku.
Zabibu hazina jokofu.
Mwezi wa tatu, vichala vimeshaiva vyeusi,
nyuki wamewahi kabla ya wafiwa.
Basi kina mama wakakaza khanga, wakashika mikasi,
msiba ukahamia shambani.
Nami nikawa nampima dada kwa kreti:
alipopaa Frankfurt, kreti kumi na nane.
Juu ya Sahara, arobaini na moja,
na mtoto wa jirani kaumwa na nyuki mdomoni.
Alipotua Adis kuku walikuwa wanapanda kulala,
hesabu ikalala nao.

Tiketi ilisema kuwasili Dodoma 09:20.
Shangazi Mbeleje akawaambia wachimbaji, saa tisa.
Hapana shangazi, ni saa tatu asubuhi. Toa sita.
"Nimeshatoa vya kutosha wiki hii," akanijibu.

Toka uwanjani mpaka Hombolo hazifiki hata hamsini.
Korongo lilikuwa limejaa.
Tulisimama saa mbili nzima tukitazama maji mekundu,
na ile mia tisa kwa saa ikaishia hapo, ukingoni,
pamoja na ng'ombe wa mtu.

Alishuka na koti la baridi mkononi.
Mchanga wa juu ulikuwa umeanza kukauka.
Mchungaji akauliza, taratibu, sasa ni saa ngapi.
Sechelela akatazama saa yake.
"Saa tisa," akasema. "Usiku."

Jua lilikuwa utosini.
Hakuna aliyemsahihisha.
Shangazi Mbeleje akampokea koti,
akalipima uzito kwa mikono miwili:
"Lo. Na hili ulilivaa njia nzima?"